Sanaa ya Siasa na Tukio la Kweli: Uchague Ushahidi, Ubunifu au Fumbo?

Tarehe 13 Julai 1793, mwanasiasa wa Mapinduzi ya Ufaransa na mwandishi wa magazeti Jean-Paul Marat alichomwa kisu akiwa ndani ya beseni la kuogea, nyumbani kwake Paris. Aliyemuua ni Charlotte Corday, mwanamke wa miaka 24, na siku nne baadaye naye alikatwa kichwa. Juu ya hayo hakuna ubishi. Ubishi ulianza wachoraji waliposhika brashi.

Jacques-Louis David alikuwa rafiki wa Marat na mbunge wa upande wake, na picha yake aliimaliza mwaka huohuo. Marat wa David ana ngozi laini, ingawa kilichokuwa kikimkalisha majini saa nyingi ni ugonjwa wa ngozi. Mkononi ameshika barua ya Corday, na maneno yanayosomeka humo yanamwonyesha mwanamke huyo kama mtu mwenye shida aliyekuja kuomba msaada. Hali halisi ni kwamba aliingia kwa kuahidi habari za wapinga mapinduzi wa mji wa Caen. Juu ya sanduku la mbao kuna noti na kijikaratasi: hela hiyo apewe mama wa watoto watano. Corday hayumo kabisa. Mwaka 1860 Paul Baudry akachora chumba hichohicho. Safari hii Corday amesimama karibu na dirisha, ukutani kuna ramani ya Ufaransa, na Marat amelala ndani ya beseni na kisu bado kiko kifuani. Mauaji ni yaleyale, shujaa amebadilika.

Naanza na beseni hilo kwa sababu swali ninaloulizwa sana na wanaotaka kuandika mchezo wa kuigiza, kuchora au kutengeneza filamu kuhusu tukio lenye utata ni hili: nifuate ukweli au nitunge? Wanaouliza hudhani kuna milango miwili tu. Mimi naona minne: kutumia maneno halisi ya mashahidi, kutumia majina halisi na maneno ya kutunga, kubadilisha majina, na kusema kwa fumbo. Kila mmoja una faida yake na hatari yake, na hatari hizo hazilingani.

Maneno ya mashahidi, neno kwa neno

Mfano mkubwa wa njia hii ni mchezo wa Peter Weiss kuhusu kesi ya walinzi na maofisa wa kambi ya Auschwitz, ambako Wanazi waliua watu wengi, wengi wao Wayahudi, kesi iliyosikilizwa Frankfurt kuanzia Desemba 1963 hadi Agosti 1965. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1965 katika kumbi nyingi kwa usiku mmoja, Ujerumani Magharibi na Mashariki. Weiss alitumia yaliyosemwa mahakamani. Alikataa kuonyesha kambi yenyewe jukwaani. Hakuna vilio vya kuigiza wala damu ya rangi, ni watu wanaosimama na kujibu maswali tu.

Nguvu ya njia hii ni kwamba anayekanusha tukio hapati pa kukushika. Akisema umetia chumvi, unamwonyesha ukurasa. Kwa tukio ambalo wenye mamlaka bado wanasema halikutokea, sijaona njia inayoishinda.

Lakini msidanganyike kwamba hapa hakuna mkono wa mtunzi. Kesi ya Frankfurt ilisikiliza mashahidi zaidi ya 300. Kwa Weiss wamebaki tisa, wasio na majina, kila mmoja akibeba maneno ya wengi. Washtakiwa 18 ndio wenye majina. Na neno “Wayahudi” halitamkwi hata mara moja katika mchezo mzima, jambo ambalo amelaumiwa kwalo hadi leo. Maneno yote yametoka kwa watu halisi, na bado mtu aliamua nani asikike kama nani na kipi kisitajwe.

Ukitaka kuona makasi yanavyofanya kazi, chukua sentensi ya shahidi wa kubuni: “Nilimwona askari akikimbia kutoka upande wa daraja, ila giza lilikuwa nene, siwezi kuapa kwamba ni yeye.” Sasa kata. “Nilimwona askari akikimbia kutoka upande wa daraja.” Hukuongeza hata herufi moja. Umemtia mtu hatiani. Mtazamaji aliyeambiwa mlangoni kwamba kila neno ni la kweli hana njia ya kujua kwamba nusu ya sentensi ilibaki sakafuni. Kwa hiyo, tofauti na wengi, mimi siuoni ushahidi wa neno kwa neno kuwa njia salama. Naona ni njia ya wenye nidhamu. Imani ya hadhira inakuwa kubwa mno, na imani hiyo ikitumiwa vibaya hakuna anayegundua.

Tena ni kazi ya punda. Kundi la Tectonic la New York, lililotengeneza mchezo kuhusu mauaji ya mwanafunzi Matthew Shepard huko Laramie, Wyoming, mwaka 1998, lilifanya mahojiano zaidi ya 200. Mchezo ulitoka mwaka 2000. Ninachowaheshimu zaidi ni kwamba walirudi miaka kumi baadaye kuwahoji tena, wakakuta baadhi ya wenyeji sasa wanalisimulia tukio kwa namna nyingine, kana kwamba ulikuwa wizi tu uliokwenda vibaya, si chuki dhidi ya kijana aliyekuwa shoga. Hilo nalo wakalipandisha jukwaani. Kama huna muda wa kurudi, au huna moyo wa kuacha maneno yanayoharibu hoja yako, achana na njia hii.

Majina halisi, maneno ya kutunga

Hii ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayoleta kesi na machozi. Unachukua watu waliokuwepo kweli, unaingia nao kwenye vyumba ambavyo hakuna aliyekuwa na kinasa sauti, unawapa maneno.

Ikifanywa vizuri inaleta kitu ambacho ripoti ya tume haiwezi kukileta. Ebrahim Hussein alipoandika mchezo wake kuhusu Kinjeketile, uliochapishwa mwaka 1969, alitaka kuingia ndani ya kichwa cha mtu anayeahidi kwamba maji yatazuia risasi, kisha anaanza kuliogopa neno lake mwenyewe. Nyaraka za vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, haziwezi kutupa mashaka hayo ya usiku. Hussein hakuficha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe chake, si nakala ya mtu wa historia. Alilisema wazi, na kwangu kusema wazi ni nusu ya uaminifu.

Ikifanywa vibaya, au tuseme ikifanywa vizuri mno kwa nia isiyo safi, hadhira hubaki na uongo kwa karne nyingi. Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485. Shakespeare aliandika habari zake zaidi ya miaka mia moja baadaye, chini ya malkia ambaye babu yake ndiye aliyemshinda Richard na kuchukua taji. Richard wa mchezo ni kibiongo mwenye mkono uliosinyaa, na ubaya wa mwili ni ishara ya ubaya wa roho. Mwaka 2012 mifupa yake ilipatikana chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli. Mkono uliosinyaa haukuwepo. Lakini mwambie mtu achore Richard leo, uone atakachochora.

Sasa mweke Shakespeare kando ya mchoraji wa Kifaransa, Théodore Géricault. Julai 1816 meli ya Ufaransa, Méduse, ilikwama karibu na pwani ya Mauritania. Nahodha wake alikuwa amepewa cheo kwa upendeleo wa kisiasa, na alikuwa hajaongoza meli kwa takriban miaka 20. Watu wapatao 147 waliachwa juu ya chelezo cha mbao. Siku 13 baadaye waliokutwa hai walikuwa 15. Géricault aliwahoji manusura, akatengenezewa mfano wa chelezo na fundi seremala aliyenusurika, akaenda kuchora maiti na viungo vya watu ili ajue rangi ya nyama iliyokufa. Halafu, baada ya taabu yote hiyo, akachora watu wenye misuli iliyojaa kama wapiga mieleka! Watu waliokaa karibu wiki mbili bila chakula cha maana.

Je, alidanganya? Kuhusu miili, ndiyo. Lakini lawama aliiacha palepale ilipokuwa: waliotelekezwa wametelekezwa, na serikali iliyomteua nahodha yule ilijua inasemwa. Shakespeare aligusa mwili ili auongeze uzito wa hatia. Géricault aligusa mwili ili mtazamaji asigeuze uso. Yote mawili ni mabadiliko ya mwili, na bado mimi mmoja namwamini na mwingine namfurahia tu.

Hapa nina deni langu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika mchezo mfupi kuhusu moto ulioua wafanyakazi usiku, tukio la kweli ambalo chanzo chake watu walikuwa bado wanabishania. Nilimpa mlinzi mmoja sigara. Sikuwa na maana yoyote, nilitaka tu mwigizaji awe na kitu cha kushika. Baada ya onyesho mwanamke mmoja alinisubiri hadi watu wakaisha, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, mume wangu hakuwahi kuvuta sigara maisha yake yote.” Nilianza kumweleza habari za ubunifu na uhuru wa msanii. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, “Sasa watu watasema ni yeye aliyeuwasha.” Sikuwa nimeliona hilo. Mchezo mzima ulikuwa unawatetea wafanyakazi, na mimi kwa kijiti kimoja nilikuwa nimewahamishia moto.

Majina ya kubuni

Sitakaa sana hapa. Wengi hubadilisha herufi mbili za jina la waziri, wakamfupisha kidogo na kumwondoa miwani, wakadhani wamejikinga. Katika nchi nyingi sheria ya kuchafuliana majina haiulizi kama umemtaja mtu, huuliza kama watu wenye akili timamu watamtambua. Wakimtambua, umemtaja. Ubaya mwingine ni kwamba jina la kubuni linakulegeza mkono: unamwongezea mhusika wako dhambi ambazo mwenyewe hakuzifanya, kwa kisingizio kwamba “si yeye”, na wasomaji wanazibeba zote hadi kwake. Hapo umemdhulumu hata mkosaji. Njia hii inafaa pale tu unapochanganya matukio mengi yanayofanana, kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama na kusema huyu ni mimi.

Fumbo

Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Wahenga waliusema uzuri wake, hawakusema bei yake.

Uzuri wake ni mara mbili. Kwanza linapita pale ambapo maneno ya wazi yangekamatwa. Pili linasafiri. Hadithi ya Orwell ya mwaka 1945 kuhusu wanyama walioteka shamba iliandikwa ikiilenga Urusi ya Stalin, na wachapishaji kadhaa waliikataa wakati Urusi ikiwa mshirika wa Uingereza vitani. Ilipotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Shamba la Wanyama*, wasomaji wengi hawakumhitaji Stalin. Nguruwe walikuwa na majina ya karibu zaidi.

Bei yake ni hii: fumbo haliwezi kutoa ushahidi. Kiongozi anayesemwa anaweza kukaa safu ya mbele, akacheka, akapiga makofi, akaenda zake. Na kuna bei nyingine inayosahaulika, inayolipwa na wale uliowatumia kama vazi. Arthur Miller mwaka 1953 aliandika mchezo kuhusu kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692 ili aseme juu ya msako wa wakomunisti Marekani katika siku zake. Walengwa walielewa, na mwaka 1956 kamati ya bunge ilimwita kuhojiwa. Lakini Salem nako waliishi watu. Watu 19 walinyongwa, mmoja alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Miller alimkuza msichana Abigail, ambaye alikuwa na miaka kama 11 au 12, akamfanya wa 17, na akampunguzia John Proctor miaka mingi, ili kati yao kuwe na uhusiano wa mapenzi. Aliandika mwanzoni mwa kitabu kwamba amebadilisha. Hata hivyo ukiwauliza wengi kilichosababisha mauaji ya Salem, watakusimulia wivu wa msichana. Alipokuwa akisema kweli kuhusu mwaka 1953, alivuruga mwaka 1692.

Uongo unaoonekana na uongo uliojificha

Kwa muda mrefu nilikuwa na kipimo kimoja: ukibadilisha sura ya tukio ni sawa, ukihamisha lawama si sawa. Kisha mchoraji wa Kifaransa, Édouard Manet, akaniharibia.

Juni 1867 wanajeshi wa Mexico walimpiga risasi Maximilian, mfalme aliyepandikizwa huko na Napoleon wa Tatu wa Ufaransa kisha akatelekezwa. Manet alianza kulichora tukio hilo mwaka huohuo, na mwanzoni wapiga risasi walikuwa na kofia pana za Kimexico. Katika picha zilizofuata wamevaa sare zinazofanana na za Kifaransa. Hapo lawama imehama kabisa, kutoka kwa waliofyatua hadi kwa aliyemtuma mtu afe. Serikali ilizuia kazi hiyo isionyeshwe Paris. Kwa kipimo changu cha zamani Manet alikosea. Lakini kila mtu mjini Paris alijua nani alifyatua bunduki, magazeti yalishaandika. Sare ile haikumdanganya mtu. Ilikuwa shtaka lililovaa nguo.

Linganisha na barua iliyo mkononi mwa Marat. Mtazamaji anaisoma akidhani ni barua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, Kongo, aliyechora historia nzima ya nchi yake miaka ya 1970, picha kama mia moja, na kuzieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha huko mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alijiita mwanahistoria. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961 pamoja na wenzake wawili, Mpolo na Okito, na katika picha ya kifo hicho Tshibumba ameweka misalaba mitatu nyuma yao. Hakuna anayetazama akaamini kwamba palikuwa na misalaba mahali pale. Kwa hiyo hakuna aliyedanganywa, na kila mtu ameelewa anachodai kuhusu mtu huyo. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walibeba wajibu wa kimaadili kwa kifo hicho. Mchoraji alikuwa amekwisha kusema, kwa lugha yake.

Basi uchague ipi

Kama tukio bado linakanushwa na wenye nguvu, chagua ushahidi, au hakikisha kuna mtu mwingine anaufanya. Picha ya Picasso ya Guernica haina ndege wala bomu, ina farasi, fahali, mama na mtoto, na taa. Mji huo wa Hispania ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na upande wa Jenerali Franco ukasema wenyeji waliuchoma wenyewe. Turubai ile yenye upana wa karibu mita nane isingeweza kuujibu uongo huo. Aliyeujibu ni mwandishi George Steer, katika gazeti la The Times siku mbili baada ya shambulio. Ishara ya mchoraji ilisimama kwa sababu habari ya mwandishi ilikuwa imesimama kwanza.

Kama ukweli unajulikana lakini umezoeleka, watu wanautaja bila kushtuka, hapo tunga, ingia vichwani mwa watu, na acha ubunifu wako uonekane kuwa ubunifu. Kama kusema wazi kutakufunga, fumba, ila chagua vazi lisilo na wafu wa mtu mwingine ndani yake. Wanyama hawana ndugu watakaokusubiri ukumbini.

Kama wafiwa wako hai, nenda kwao kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Hutafuti ruhusa, maana wakati mwingine hawataitoa na bado itabidi uandike. Opera ya mwaka 1991 kuhusu kutekwa kwa meli ya abiria ya Achille Lauro iliwapa watekaji, Wapalestina, nao nafasi ya kuimba malalamiko yao. Mabinti wa mzee aliyeuawa akiwa kwenye kiti cha magurudumu waliipinga. Ilipoonyeshwa New York mwaka 2014 ukumbi ulifuta mpango wa kuirusha kwenye sinema za dunia, na kauli ya mabinti hao ikachapishwa ndani ya kijitabu cha onyesho. Kumpa muuaji sauti si uongo. Kutegemea mtoto wa marehemu akushukuru kwa hilo ndio upumbavu, na kijitabu kile angalau kilikubali hivyo.

Na ile sentensi ya “imetokana na matukio ya kweli” iondoe. Haisemi kitu. Andika kilichobadilika: hotuba ya mwisho ni ya kutunga, madaktari wawili wameunganishwa kuwa mmoja, idadi ya waliokufa ni ile ya ripoti. Mistari mitatu inatosha, na hakuna aliyewahi kutoka ukumbini kwa sababu yake.

Mchezo wangu ulirudi jukwaani miezi michache baadaye, bila sigara. Mwigizaji hakujua aiweke wapi mikono. Tulijaribu tochi, tukajaribu redio, kisha akaamua kuilaza tu juu ya meza, na hapo onyesho likawa na ukimya mrefu ambao sikuuandika. Yule mama alikuja tena, akakaa nyuma.